Upande Mwekundu wa Swichi

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa rangi. Kwenye dashibodi ya gari la mkunga, chini ya redio isiyoimba tena, palikuwa na swichi ya kuzungusha iliyozungukwa na alama: upande mmoja bluu, upande wa pili nyekundu. Bluu ilikuwa imefutika, imeliwa na vidole vya miaka na miaka mpaka ikabaki plastiki tupu. Nyekundu iling'aa kama kucha iliyopakwa asubuhi ileile.

Aliiona alipokuwa akifuta vumbi. Akaitazama, akakunja kitambaa chake, akanyamaza.

Kunyamaza ndiyo ilikuwa tabia yake, na ndiyo iliyompa jina. Pale gereji wote walimwita Kimya. Shule aliiacha darasa la tano, kwa sababu mwalimu alitaka watoto wajibu kwa sauti, na yeye sauti ilifika kooni ikageuza. Siku moja akamfuata Shangazi gereji badala ya kwenda darasani, kesho yake akamfuata tena, na ikazoeleka. Shangazi ndiye aliyemlea. Mama yake alikufa kabla yeye hajajua kuunganisha silabi mbili, na kwa hiyo kulikuwa na neno moja ambalo watoto wote huanza nalo kusema, na yeye hakuwahi kumwita mtu yeyote kwalo.

Gari la mkunga lilikuwa la rangi ya maziwa, la mraba kama sanduku, na lilimzidi Kimya umri. Alizaliwa humo, kiti cha nyuma, njiani, mkunga akiwa dereva na mkunga kwa pamoja. Hilo halikuwa siri. Kila gari lile lilipoingia uani, Shoti, fundi wa umeme, hakukosa neno.

"Kimya, dada yako amefika," alisema siku hiyo pia. "Anatoa moshi kichwani. Nani kamuudhi?"

Haukuwa moshi. Ulikuwa mvuke. Mkunga alishuka taratibu, mama mnene mwenye kandambili za kazini na saa ya mfukoni iliyobanwa kwa pini kifuani, akaupiga mlango kwa nyonga ili ufunge.

"Limechemka tena," alimwambia Shangazi. "Kwenye tambarare, mwenzangu. Tambarare kabisa. Na kesho nahamia upande wa mlimani. Mkunga wa kule kastaafu, wajawazito wote wa kule ni wangu sasa. Huko juu hakuna gereji, hakuna bomba, na mtoto akitaka kutoka hasubiri injini ipoe."

Shangazi alifungua boneti akalishikiza kwa mti wake. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuvuka barabara, lakini mbele ya injini alizungumza chini, kama anayeingia chumba cha mgonjwa.

"Pampu ya maji imechoka, hiyo nabadilisha sasa hivi," alisema. "Lakini tatizo siyo pampu peke yake. Hii kulanti yako ya kijani, haya maji ya kupozea injini, imezeeka. Imegeuka maji ya kutu. Pampu mpya nitakayokufungia inataka ile ya waridi, inayokaa miaka. Ukiwa nayo hiyo, mlima utaupanda unaimba."

"Basi nitilie ya waridi niende zangu."

"Ngoja kwanza, dada. Hatumimini tu."

Kimya alikuwa ameshaleta chupa kabla hajaambiwa. Ilikuwa chupa ya jemu iliyokaa rafuni kwa ajili ya wateja wenye haraka. Ndani yake mlikuwa na kitu cha rangi ya tope, kizito kama uji uliolala. Shangazi aliipindua juu chini. Kile kitu hakikutikisika.

"Humu nilitia kijani kidogo na waridi kidogo, nikaiweka kwenye joto. Ni kama wake wenza, kila mmoja peke yake ni mtu mwema kabisa. Waweke chungu kimoja, uone."

Mkunga aliitazama ile chupa kwa jicho la mtu aliyeona mengi ya mwilini. "Na hiki kikiwa ndani ya injini?"

"Mishipa inaziba. Injini inapata kiharusi. Tena haipati hapa uani kwangu. Inapata huko juu, wewe umempakia mtu nyuma."

Baada ya hapo mkunga hakusema habari ya haraka tena. Aliketi kwenye tairi kuukuu, akafunga mikono. Ya zamani lazima itoke yote, Shangazi alisema. Siyo nyingi. Yote.

Walisubiri injini ipoe mpaka mtu aliweza kuweka kiganja juu ya rejeta bila kukitoa. Kisha pampu ikabadilishwa, na Kimya akalala chali chini ya gari na beseni, akatafuta kizibo cha chini cha rejeta, akakifungua.

Katika gereji ile kulikuwa na sheria moja ambayo hata mteja mkubwa hakuivunja. Aliyefungua kizibo ndiye anayesema "basi". Shangazi aliiweka baada ya mafundi wawili kuachiana kazi, kila mmoja akidhani mwenzake amemaliza, na gari likatoka bila tone la oili. Tangu siku hiyo, mkono uliofungua ndio mdomo unaofunga. Maji ya kusafishia yanakingwa kwenye kikombe cheupe cha bati, kikombe kinawekwa juu ya bampa kando ya kingine chenye maji ya kunywa, na aliyefungua anatazama viwili hivyo. Asiposema "basi", hakuna anayetia kitu. Kwa Kimya sheria ililegezwa kidogo: yeye aliinamisha kichwa, na Shangazi akasema kwa niaba yake, "Kasema basi."

Maji ya kwanza yalitoka rangi ya mchicha uliochemshwa ukasahauliwa. Kimya aliyasukuma pembeni na kulifunika beseni kwa ubao, maana kulanti ina utamu wa kudanganya na paka wa jirani hawajui kusoma. Wakajaza maji safi yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Shangazi akawasha injini.

Hapo ndipo Kimya alipopapenda kuliko pengine pote katika kazi ile. Alisimama ameshika mpira mnene wa juu wa rejeta kwa vidole viwili. Mpira ulikuwa baridi. Injini inaunguruma, inapata joto, lakini mpira ni baridi, kwa kuwa kuna kijilango kidogo cha shaba ndani, ambacho hakuna anayekifungua. Kinangoja. Maji yakipata joto linalostahili, kinajifungua chenyewe. Alikuwa ameshakiona kikifunguka, Shangazi alikitia siku moja kwenye sufuria ya maji ya moto ili amwonyeshe: kipande cha chuma, hakina macho wala masikio, kikajua. Na kila alipoushika mpira, ikifika ile dakika, joto likamiminika chini ya vidole vyake ghafla kama kiumbe kilichoamka, nywele za mikono zilimsimama.

Joto likaja. Kimya akavuta pumzi.

Wakazima, wakangoja ipoe, wakamwaga. Wakajaza tena, wakawasha, wakangoja, wakamwaga. Maji yakatoka kijani cha majani machanga, kisha rangi ya chai ya maskini, kisha rangi ya dirisha. Jua lilikuwa limehama upande mmoja wa ua hadi mwingine. Shoti alimaliza kazi zake mbili akaja kuegemea.

Vikombe vyeupe vikawekwa juu ya bampa, viwili. Mkunga aliinuka kutoka kwenye tairi akachungulia.

"Sijui kipi cha kunywa, kipi cha gari," alisema.

"Hapo sasa," alisema Shoti. Alikuwa ameshalifungua galoni la waridi, amelishika kwa mikono miwili juu ya mdomo wa rejeta. "Kimya, inamisha kichwa tumpeleke mama yetu nyumbani."

Kimya hakuinamisha kichwa. Alikuwa akiitazama mipira miwili myembamba iliyotoka kwenye injini na kupenya ukuta wa chuma kuingia upande wa abiria. Kutwa nzima, kila injini ilipowaka, alikuwa ameigusa. Kila kitu kilichemka, na ile miwili ikabaki baridi kama mikono ya mgeni. Na kichwani mwake iliwaka ile rangi nyekundu isiyoguswa.

"Kimya?" alisema Shangazi.

Galoni likainama. Kimya akanyoosha mkono, akaziba mdomo wa rejeta kwa kiganja. Tone moja la waridi likamdondokea juu ya vidole.

"Bado," alisema.

Shoti nusura aliangushe galoni. Siyo kwa neno lenyewe, bali kwa kulisikia.

"Bado nini?" Shangazi aliuliza, polepole.

Watu watatu walikuwa wakimtazama mdomoni. Aliitafuta njia ya kurudi kwenye kimya chake, lakini kiganja kilikuwa palepale juu ya mdomo wa rejeta, na hakikukubali kutoka. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

"Hita," alisema. "Hatukufungua hita. Ya kijani imo mle."

Shoti akacheka kwa nia njema. "Hita? Mdogo wangu, sisi tunaishi ndani ya hita. Nani kawasha hita hapa tangu dunia iumbwe?"

"Ndiyo maana," alisema Kimya.

Shangazi hakucheka. Aliweka mkono kwenye ile mipira miwili, kwanza mmoja, kisha wa pili. Akaufuata kwa kidole mmoja wao mpaka kwenye koki ndogo ya chuma, iliyofungwa, yenye kutu shingoni. Nyuma ya dashibodi mna rejeta nyingine, ndogo kama kitabu, ambayo kazi yake ni kuwapasha watu joto. Kila fundi anaijua. Na kila fundi wa mahali penye jua kama pale huisahau, kwa kuwa hajawahi kuihitaji. Koki ikifungwa, maji yaliyomo hayaendi kokote. Yanakaa tu gizani.

"Tungetia ya waridi," alisema Shangazi, kama anayejisemea, "na gari likatoka hapa linang'aa. Halafu huko mlimani, kwenye ukungu, bibi akaona baridi, akageuza swichi." Aliitazama ile chupa ya jemu. "Shoti, funga galoni. Umesikia mwenye kizibo alivyosema."

"Nimesikia," alisema Shoti. "Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilidhani ni methali tu."

Koki ilikuwa imegoma. Kimya aliitia oili, akangoja, akaisukuma kwa kidole gumba huku na huku kama anayembembeleza mtoto afungue mdomo, mpaka ikalia kidogo na kukubali. Kisha akaingia ndani ya gari, akaishika ile swichi. Ilikuwa ngumu. Akaizungusha kutoka bluu, ikapita katikati, ikafika kwenye nyekundu, akasikia waya ukivuta kitu huko mbele.

Mkunga alikuwa ameingia upande wa dereva ili awashe injini. Walikaa hivyo, wawili, wakisubiri, milango wazi, jua likiwachoma magotini. Feni ya dashibodi ikatoa vumbi kwanza, na kipande cha jani kikavu. Halafu hewa ya kawaida. Halafu, kule mbele, kile kijilango cha shaba kikafunguka, na hewa ikapata moto.

Mkunga aliweka viganja vyake mbele ya tundu la hewa. Alikuwa karibu kusema jambo la kuchekesha, Kimya aliliona likija usoni pake. Halikufika.

"Ee," alisema mkunga. "Hii harufu."

Ilikuwa harufu ya vumbi lililopashwa, na chini yake kitu kitamu kidogo, cha kale.

"Swichi hii niliigeuza kwenye nyekundu mara moja tu," alisema. Alikuwa akizungumza na mikono yake. "Mara moja, tangu gari hili liwe langu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jioni, daraja limekwenda, tukazunguka kwa juu. Mama yako nyuma. Ukatoka mapema, bila hodi, kimya kabisa, kama mtu aliyekuja kuazima kitu akaona haya. Mdogo hivi. Na baridi. Bluu, midomo na kucha. Nikakupangusa, nikakufunga kwenye blauzi ya mama yako, nikakuweka kifuani kwake, nikarudi kwenye usukani. Sikuwa na kingine. Nikageuza hii."

Kimya alijua habari ya kiti cha nyuma. Habari ya joto hakuwahi kuisikia.

"Mama yako hakuwa na nguvu hata ya kuinua kichwa. Alikuwa na swali moja tu, njia nzima. 'Bibi, amepata joto?' Namwambia bado kidogo. Tunakata kona. 'Bibi, amepata joto?' Naendesha nimenyoosha mkono mmoja nyuma, nakugusa miguu. Na tulipofika juu kabisa, ukalia. Kilio chembamba, kama mlango wa kabati. Hapo akaacha kuuliza, akalala." Mkunga alimeza mate. "Kulipokucha, jua likatoka, nikairudisha kwenye bluu. Nyekundu sikuigusa tena. Mbona sikukwambia? Sijui, mwanangu. Wewe hukuuliza, na mimi nina watoto wengi kichwani."

Kimya alitoka garini. Mpira mwembamba, alipougusa, ulikuwa na joto. Na wa pili pia. Akaishika yote miwili pamoja, kila mmoja kwa mkono wake, mpaka Shangazi alipomwambia inatosha, zima, tungoje ipoe.

Walipomwaga safari hiyo, yeye ndiye aliyekuwa chini na beseni. Maji yalianza meupe. Kisha yakajikunja, yakawa na uzi wa kijani ndani yake, na uzi ukawa kamba, na kamba ikawa yote. Kijani kizito, kilichokomaa, chenye chembe za kutu zilizometameta kwenye mwanga uliopenya pembeni mwa gari. Yalikuwa yamekaa humo tangu usiku ule. Barabara zimejengwa na kubomoka, yeye amejifunza kutembea, ameingia shule na kutoka, mama yake ameshuka kaburini, na maji yaliyompasha joto yalikuwa yamejifungia nyuma ya dashibodi, mita moja kutoka kiti alichozaliwa, hayajamwagika, hayajaguswa. Alilala pale chini, mgongo kwenye saruji, akayatazama yakishuka. Hakufikiri kitu. Kulikuwa na kitu kikubwa mno mbele yake hata kufikiri kulionekana kama kelele.

"Umelala huko?" Shoti aliuliza.

"Mwache," alisema Shangazi.

Kimya aliyafunika kwa ubao kwa mkono wake mwenyewe, taratibu.

Wakasafisha upya, hita ikiwa wazi. Wakarudia, na mara hii hakuna aliyelalamika, hata mkunga. Vikombe viwili vikarudi juu ya bampa. Kimya akainama akavitazama, akavigeuza kwenye jua, akatazama tena. Shangazi alikuwa amejiandaa kusema kwa niaba yake, mdomo umeshafunguka nusu.

"Basi," alisema Kimya.

Shangazi akafunga mdomo wake. Kitu fulani kikampita usoni, akakifukuza kwa kumgeukia Shoti. "Umesikia? Leta galoni. Unangoja uandikiwe barua?"

Ya waridi ikaingia. Ilikuwa safi kama kitu ambacho hakijawahi kupata tabu. Injini ikawashwa na mfuniko ukiwa wazi, viputo vya hewa vikapanda, vikapasuka, usawa ukashuka, wakaongeza, mpaka viputo vikaisha na maji yakatulia kama yaliyofika kwao. Mfuniko ukafungwa.

"Twende tukalipandishe kilima cha nyuma," alisema Shangazi. "Hita iwe wazi, hewa yote itoke. Mimi naendesha. Bibi kaa hapa mbele, angalia ile sindano ya joto kama unavyoangalia mtoto wako. Kimya, nyuma. Kapeti ikilowa, au ukisikia harufu tamu, niambie."

Kimya akafungua mlango wa nyuma. Alikuwa amekipangusa kiti kile mara nyingi, na hakuwahi kukikalia hata siku moja. Kila mara alijiambia ovaroli lake ni chafu. Akaketi upande wa kulia. Upande wa kushoto aliuacha.

Gari likatoka uani, likapita kituo cha mafuta, likaanza kupanda. Madirisha yote yalikuwa wazi na bado kulikuwa na moto kama jikoni. Jasho lilimtiririka Shangazi shingoni. Mkunga alijipepea kwa kandambili moja, macho kwenye sindano.

"Imesimama katikati," alisema. "Haitikisiki."

Kona ya kwanza. Kona ya pili. Injini ilipanda bila kulalamika, na Kimya akapitisha mkono chini ya kiti cha mbele, akapapasa kapeti: kavu. Akanusa: vumbi tu, na moto. Hewa ilimfikia miguuni kwanza. Ikapanda kwenye magoti. Nje, nyumba zilikuwa zikishuka chini yao, mapaa yao yakiwaka jua la alasiri, na yeye akajua kwamba hivi ndivyo lilivyomfikia siku ile, miguuni kwanza, kabla hajajua kuwa ana miguu.

Walifika juu. Shangazi akapunguza mwendo, akamtazama kwenye kioo.

"Vipi huko nyuma?" aliuliza. "Hewa inakufikia? Umepata joto?"

Mkunga akaacha kujipepea.

Kimya aliweka kiganja juu ya kiti, pale kushoto pasipokuwa na mtu, kwenye kitambaa kilichochakaa. Sauti ikaja mpaka kooni, na safari hii haikugeuza.

"Nimepata, mama," alisema. "Nimepata joto."